Kadi ya Mzee Jilala

Mume wangu Ansgar anakodisha maturubai, viti na masufuria hapa Masumbwe. Kabla hamjasikia habari zake kwa watu wengine, nisikieni kwanza mimi mkewe. Mji huu ulishamfanya mchawi. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii najua kwamba hata kuku wa Krismasi anamwita jirani amchinjie. Kilichomponza ni kupenda mpangilio kupita kiasi, na aibu iliyomkuta simwombei hata adui yangu.

Zamani alikuwa hovyo, nisimpambe kwa kuwa ni wangu. Kazi zote alizitunza kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa kinavuja. Kuna msiba mmoja alipeleka turubai lililotoka moja kwa moja kwenye sendofu, riboni za pinki bado zinaning'inia, na kitambaa cha kumpongeza bibi harusi kimetundikwa juu ya jeneza. Wafiwa hawakujua walie au wacheke. Mimi nilijitanda kanga mpaka puani na kukaa na akina mama wa upande wa pili, nikajifanya nimekuja na watu wengine. Siku nyingine aliwaahidi viti watu wawili kwa saa ileile, akazima simu na kujificha nyumbani kwa kaka yake.

Ndipo akaenda Geita mjini kwenye semina ya wajasiriamali. Mwezeshaji, kijana mwenye tai, aliwaambia kwamba kazi inayokaa kichwani ni ng'ombe asiye na zizi, asubuhi utamkuta shambani kwa jirani. Maneno hayo yalimwingia Ansgar kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kusikia kanisani. Aliporudi, hata chakula hakula, alipitia dukani akanunua kamba za kuanikia nguo na vibanio vyake. Akakata maboksi akatengeneza kadi. Akafunga kamba tatu ukutani ofisini, nyuma ya meza. Ya kwanza akaandika "Inakuja", ya pili "Inaendelea", ya tatu "Imekwisha". Kila kazi ikawa na kadi yake: mahali, turubai gani, viti vingapi, nani anaendesha kirikuu cha kubebea mzigo. Kazi ikisogea, kadi nayo inahamishwa kamba.

Haki ya Mungu, ilifanya kazi. Hakuna harusi iliyokosa viti tena, na msiba haukupata riboni tena. Wenzake wa Ushirombo walikuja kutazama ule ukuta, wakatikisa vichwa na kuupiga picha kwa simu zao. Ansgar akaanza kutembea kifua mbele. Kauli yake ikawa moja: kisichoko kwenye kamba hakipo.

Ugonjwa ukahamia nyumbani. Nikakuta kadi ya paa la choo, kadi ya sare ya Monika, binti yetu, na siku moja nikakuta kadi imeandikwa "Kuongea na Coletha". Coletha ndiye mimi. Nilipomuuliza akaniambia bila haya kwamba nimepangiwa Jumapili baada ya misa. Nikasema sawa, tutaonana hiyo Jumapili. Siku ilipofika nikayatoa yangu ya moyoni, na kabla sijafika hata katikati nikamwona bwana mkubwa anainuka, anaenda kunihamishia kwenye kamba ya tatu. Nilimnunia wiki nzima, na sijui kama aliona.

Lakini hatari ilikuwa kwenye kamba ya kwanza. Mwezeshaji alisema mtu wa mpangilio haingoji kazi imgongee mlango, anaiona ikiwa mbali. Basi Ansgar akisikia binti fulani kaletewa barua ya posa, kadi ya sendofu inapanda. Akimwona mke wa mtu tumbo limeanza kujaa, kadi ya ubatizo inapanda. Hapo sikuwa na neno. Baadaye akageukia wagonjwa.

Kwetu hapa msiba si wa mwenye nyumba peke yake, ni wa nzengo nzima, yaani sisi majirani tunaozikana. Kila mmoja ana sehemu yake: huyu kuni, huyu maji, wanaume kuchimba kaburi. Ansgar mchango wake ulikuwa turubai na viti, bure, na kwa ajili hiyo nzengo ilimsamehe jembe. Miaka mingi hakuwa ameshuka kaburini. Sasa akaona kwamba akijua mapema nani anakaribia kuondoka, atajua turubai gani amwekee huyo na lipi libaki kwa wateja. Ndipo akaanza kuandika majina.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba kumwandikia mtu msiba huku bado anapumua ni uchuro. Akasema ni maandalizi tu, mbona seremala wa majeneza ana mbao tayari. Nikamjibu kwamba mbao za seremala hazina jina la mtu. Akacheka, akaniambia mimi nina mambo ya kizamani.

Mzee Jilala alipougua, basi, na yeye akapandishwa kwenye kamba.

Hapa lazima niwaeleze huyu mzee ni nani. Ansgar ujanani alikuwa mchimbaji, anashuka kwenye maduara, yale mashimo marefu, kutafuta dhahabu kama vijana wote wa huku. Msimu mmoja wa mvua udongo ulimwangukia akiwa chini. Wenzake walikimbia, na hawakuwa na kosa, duara likianza kuanguka haliangalii nani rafiki ya nani. Jilala peke yake alirudi chini. Alichimba kwa mikono mpaka vidole vikagusa nywele za Ansgar. Alipomtoa alimwambia atoke kwenye mashimo na asirudi tena. Tulipooana, baba mzazi wa Ansgar alikuwa ameshatangulia, na aliyekaa kwenye kiti cha baba wa bwana harusi alikuwa Jilala. Kwa hiyo msimwite jirani. Alikuwa baba mkwe wangu.

Aliugua vibaya. Padri alikuja akampaka mafuta ya wagonjwa, watoto wake wakaitwa kutoka walikokuwa, na hata Mbuke mkewe alianza kutoa nguo nyeusi sandukuni. Wakampeleka hospitali kubwa Mwanza, na sisi tuliobaki tukawa tunasikiliza simu kwa hofu. Katika siku hizo Ansgar aliandika kadi: "Msiba, Mzee Jilala. Turubai la zamani. Viti hamsini. Bure." Akaibana kwenye kamba ya kwanza, akaendelea na kazi.

Mungu si Athumani. Mzee akapona.

Akarudi Masumbwe amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini anatembea. Asubuhi moja nikiwa ofisini nafagia, nikasikia sauti mlangoni inasalimia, "Mwangaluka," nikageuka, ni yeye na Mbuke. Nilipiga goti kwa furaha nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba. Ansgar alirukia mkono wake akaushika kwa mikono miwili. Furaha yake ilikuwa ya kweli, mimi nilimwona machozi. Mzee akasema anataka kufanya misa ya shukrani na kulisha watu, kwa hiyo kaja kwa mwanawe kuchukua turubai na viti. Nikamletea kiti. Akakaa akiutazama ukuta.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkonyeza Ansgar, nikajikohoza, nikasogea nisimame mbele ya kamba na ufagio wangu. Mzee akanicheka, akasema mama, nipishe nione huo ukuta wanaousifu. Akatoa miwani mfukoni. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo anasoma taratibu, midomo inacheza. Alianza na sendofu, akaja ubatizo, akafika kwenye jina lake. Midomo ikasimama, ikarudi mwanzo wa kadi ikaanza tena.

Mbuke hajui kusoma. Akamuuliza kuna nini. Mzee akamweleza kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayesoma bei ya sukari, na Mbuke akajiziba mdomo na kitenge.

Ansgar alikuwa amesimama, rangi imemtoka. Nilingoja aseme kitu, hata uongo. 

"Mwanangu," mzee akasema, "hili la zamani ni lile lililochanika ubavuni?"

Ansgar akaitikia kwa kichwa.

"Na viti hamsini." Akavua miwani, akaifuta kwenye shati. "Basi wengine watasimama."

Akainuka, akamshika mkewe bega, wakatoka. Turubai la shukrani lilikuja kutoka Ushirombo, na mji mzima uliliona likishushwa.

Jamani, mimi nina mdomo, lakini siku ile niliendelea tu kufagia palipokwisha kuwa safi. Ansgar alikaa kwenye kile kiti alichokaa mzee mpaka mchana. Baadaye aliniambia kwamba kumwandikia kifo angeweza kujitetea, kwamba wote tulishamkatia tamaa mzee. Kilichomuua ni lile neno "zamani". Jipya lilikuwepo, limekunjwa hapohapo, na yeye alilibakiza kwa ajili ya watu asiowajua. Mtu aliyemfukua kwa kucha, yeye alimchagulia tambara. Nilimsikiliza, na sikumpoza, kwa sababu hata mimi nilikuwa naona aibu kuitwa mke wake.

Mji nao haukulala. Wakasema Ansgar ana kamba, ukipandishwa kwenye kamba hiyo hurudi, Jilala kaponea kwa mafuta ya padri. Wenye wagonjwa wakawa wakifika usawa wa ofisi yetu wanavuka barabara. Siku moja akaja mama mmoja, Philomena, tunasali naye jumuiya moja, mama yake mzazi alikuwa kitandani. Alipiga magoti mlangoni akamwomba Ansgar amshushe mama yake. Ansgar akaapa kwamba jina hilo hajaliandika. Akamwonyesha kadi zote moja moja, mbele na nyuma. Yule mama akazitazama zote, akashukuru kwa unyonge, na kabla hajaondoka akaomba tena kwamba akitaka kuandika, basi amwonee huruma. Alipoondoka Ansgar aliingia nyuma kwenye stoo ya masufuria, nikamsikia analia. Msiniulize kwa nini sikumfuata.

Nikamwambia twende tukaombe radhi, maana jambo la aibu halitatuliwi kwa kukaa stoo. Tukamtafuta Mzee Ngassa, kiongozi wa nzengo yetu, atutangulie kama desturi ilivyo. Mkono mtupu haulambwi, tukabeba sukari, na kitenge cha Mbuke. Mbuke alikipokea akakiweka pembeni bila kukikunjua. Hakumtazama Ansgar. Ansgar akapiga magoti kwenye vumbi, mwanaume mzima mwenye kitambi, akajaribu kusema maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Nyanyuka," mzee akasema. "Kufa nitakufa tu, hata bila kadi yako. Sina kinyongo." Ngassa akataka kuanza maneno ya adhabu ya nzengo, mzee akamkatiza kwa mkono. "Sitaki mbuzi. Sitaki hata hilo turubai jipya. Watu wa kunizika wapo wengi, lakini wa kuongea naye sina, wenzangu wote wameshaondoka. Ansgar, Jumapili ukitoka misa njoo tukae."

"Nitakuja, baba," Ansgar akasema.

Basi mngedhani yameisha. Na mimi nilidhani. Tulirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamwimbia Monika akiwa anaoga. Jioni ile Ansgar alichukua kadi mpya, akaandika "Jumapili", halafu kalamu ikasimama. Jina la mzee hakuweza kuliandika.  Akaniambia hawezi kulipandisha jina lile kwenye kamba kwa mara ya pili, liwe la heri liwe la shari. Akaiweka kadi mfukoni.

Jumapili ya kwanza kweli tulikuwa na harusi Ushirombo, sitamsingizia. Ya pili alivaa shati lake la misa, akafika kwenye kona ya mashine ya kusaga, akarudi. Akasema kwa mzee kuna wageni. Iliyofuata akasema kichwa kinamuuma. Nilimfokea, weee, nilimfokea mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Nikamwambia mtu mwenyewe kakusamehe, wewe unangoja nini? Akanijibu kwamba akimfikiria uso wake anaiona miwani inavuliwa. Na kwa kuwa hakwenda mara ya kwanza, mara ya pili alikuwa na aibu mbili, na mara ya tatu zikawa nyingi asijue aanzie ipi. Mambo mengine yote ya nyumba hii yalikuwa kwenye kamba na yalifanyika kwa wakati. Choo kikapata paa. Hilo moja halikuwa na kadi.

Mimi nilikuwa napita kwa mzee siku za katikati ya wiki nikitoka kusaga, nawaachia unga kidogo. Ananiuliza mwenzio hajambo? Namwambia hajambo baba, kazi zimembana. Anasema kazi ni nzuri. Mbuke anapepeta mchele wake. Nilikuwa naondoka pale nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, kwa kosa ambalo si langu.

Masika yalipokaribia kwisha, Limi, mjukuu wa mzee, alikuja asubuhi akasimama mlangoni kwetu bila viatu. Hakuhitaji kusema. Mzee hakuugua safari hii, alilala tu na hakuamka.

Turubai jipya lilikuwa limeshapakiwa kwenye kirikuu, linakwenda harusini. Ansgar alipiga simu akawaambia wenye harusi watafute kwingine, wakamtukana, akakata. Akapakia viti vyote, sisemi hamsini, vyote tulivyonavyo. Turubai likasimamishwa nyumbani kwa mzee hata wapishi hawajawasha moto. Halafu akachukua jembe. Ngassa akamkumbusha kwamba yeye kasamehewa jembe tangu zamani. Ansgar alivua shati akashuka na vijana.

Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Vijana wakapokezana, yeye hakupokewa. Wakamwambia baba Monika toka upumzike, akatikisa kichwa. Mikono iliyozoea vibanio na simu ilichubuka, mpini ukawa na damu, na hakutoka mpaka kuta zilipokuwa zimenyooka. Watu walinong'ona. Wengine walisema amejirekebisha, wengine wakasema leo kaja kumaliza kazi yake. Nilisikia yote, nikaendelea kukata nyama.

Baada ya kuzika, wachimbaji wakaja kunawa. Kawaida wanaowamiminia maji ni mabinti wa nyumba. Ansgar alijiweka wa mwisho, nadhani alitaka watu watawanyike. Mbuke akatoka ndani na nguo zake nyeusi, akamnyang'anya binti jagi, akasimama mbele yake. Tangu siku ya kadi alikuwa hajasema naye. Ansgar akatoa mikono yake imejaa matope na damu, macho chini, na Mbuke akaanza kummiminia taratibu.

"Umechimba vizuri," akamwambia. "Kila Jumapili alikuwa anakutolea kiti. Nikitaka kukirudisha ndani ananizuia, anasema bado."

Akaendelea kumimina mpaka jagi likaisha. Ansgar alibaki mikono mbele, hakuifuta. Chini ya turubai jipya viti vyetu vilikuwa vimejaa watu, na vingine vitupu viko nyuma. Nikamwita kwa mkono aje akae. Hakuja.